Tuutazamie Wapi Mpira? Baa ya Ufukweni na Kibanda Umiza cha Nungwi

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wetu huuliza kabla ya ziara ya Unguja, la kwanza huwa si juu ya Mji Mkongwe wala juu ya Kimakunduchi. Huuliza: mwalimu, mpira tutautazamia wapi? Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu moja, nalo nilikuwa nikilitoa kwa ukali: hamwendi kule kutazama mpira, mnakwenda kusikiliza Kiswahili. Makala haya nimeyaandika kwa sababu jibu hilo lilikuwa na makosa, na kwa sababu nawasikia wenzangu wengi bado wanalitoa.

Mhakiki hutakiwa aseme mapema anahakiki nini. Safari hii sihakiki kitabu. Nahakiki mahali pawili pa kutazamia mpira katika kijiji cha Nungwi, yaani baa ya ufukweni na kibanda umiza, pamoja na utangazaji wa Kiswahili uliosikika, au uliokosekana, katika kila mahali, siku ya Jumapili tarehe 25 Mei 2025. Siku yenyewe haikuwa ya kawaida. Simba ya Dar es Salaam ilikuwa ikicheza mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Moroko, na mchezo huo ulikuwa umehamishwa kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa ukaletwa Uwanja wa Amaan, mjini Unguja. Simba ilikuwa imefungwa mabao 2–0 ugenini wiki iliyotangulia. Ilihitaji matatu. Kwa maneno mengine, mtu yeyote aliyekuwa kisiwani siku hiyo, awe mkaazi au mgeni, alikuwa karibu na fainali ya bara zima kuliko atakavyowahi kuwa tena, pengine.

Asubuhi tulikuwa kwa waunda majahazi, kwa maana Nungwi inajulikana kwa kazi hiyo tangu zamani, na wanafunzi 14 walikuwa wamejaza madaftari yao: mkuku, taruma, omo, tezi. Tiketi za uwanjani hatukuwa nazo, na mji uko mbali, karibu kilomita 60. Tukaona tutafute baa.

Baa za ufukweni za Nungwi na Kendwa hazihitaji maelezo marefu. Paa la makuti, viti vinavyotazama bahari, skrini kubwa moja au mbili, na ubao mweusi unaoandikwa kwa chaki kila asubuhi kuwajulisha wageni mechi za siku. Ubao wa baa tuliyoingia ulikuwa umeandikwa Kiingereza na Kiitaliano. Kiswahili kilikuwa na neno moja tu, karibu, nalo lilichorwa pembeni pamoja na mnazi, kama pambo. Ratiba ilitaja mechi za mwisho za msimu wa Ligi Kuu ya Uingereza, zote zikianza kwa pamoja saa 12 jioni. Ubao haukusema saa 12 jioni, bila shaka. Ulihesabu saa kwa namna ya wageni, ukaandika 6. Fainali ya Afrika, iliyokuwa ikianza saa 10 jioni katika kisiwa kilekile, haikuwamo.

Sitaki kumwonea mtu. Mwenye baa hufanya biashara, na wateja wake wengi hawajui Simba ni nani. Viti vyake ni vizuri, skrini inaonekana kutoka kila upande, upepo wa bahari unapita, na wanafunzi wetu wa kike sita walikaa pale bila kukodolewa macho na mtu yeyote. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu lina uzito wake. Bei ya soda nitainyamazia.

Nilimwendea msimamizi nikamwomba skrini moja kati ya mbili iwekwe fainali. Alinijibu kwa adabu kwamba wageni wake hawakuja kwa ajili ya mchezo huo. Mimi nilikuwa nimemsemesha kwa Kiswahili. Yeye, ambaye kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa mwambao huuhuu, alinijibu kwa Kiingereza. Tukakaa tukiwatazama wachambuzi walio Uingereza wakizungumzia mechi ambazo zilikuwa hazijaanza, tena bila sauti, kwa kuwa spika za baa zilikuwa zikipiga muziki.

Hapo ndipo penye dosari kuu ya baa hiyo kama mahali pa kutazamia mpira, na mtu hahitaji kuwa mzalendo wala mwalimu wa lugha kuiona. Mpira wa runinga ni picha na sauti. Ukiiondoa sauti, au ukiimezesha muziki, unabaki na watu 22 wanaokimbizana nyuma ya kioo. Baa ya kitalii huuza picha. Sauti huihesabu kuwa kelele. Ndiyo maana hata walipokuja kufungulia sauti ya Kiingereza baadaye (nilielezwa na mwanafunzi aliyerudi kuchukua kofia aliyoisahau) hakuna mgeni aliyegeuza kichwa.

Aliyetuokoa ni kijana wa kaunta. Nilikuwa nimemwona akiinama mara kwa mara kama mtu aliyeangusha kitu. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kreti ya soda, na waya mmoja wa sikioni umepitishwa chini ya kola ya sare. Alikuwa amewasikia wanafunzi wakiniita mwalimu. Dakika ya 17 aliinua kidole kimoja, akaninong'oneza: "Moja, mwalimu. Mutale." Kisha akamgeukia Mwitaliano aliyekuwa akisubiri bia yake, uso mkavu, kama kwamba hapakuwa na lolote lililotokea duniani. Nilipokwenda kulipa alisema tena, kwa sauti ya chini: "Hapa hamtaona kitu, mwalimu. Pandeni juu kijijini, nyuma ya msikiti, kuna kibanda. Mkifanya haraka mtawahi kipindi cha pili."

Nimeifikiria sana picha ile tangu turudi. Katika baa hiyo Kiswahili kilikuwa kikitangaza fainali ya Afrika kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini kilikuwa katika sikio moja la mtumishi, chini ya kaunta.

Kibanda umiza ni kitu ambacho msomaji wa Kampala hahitaji kufafanuliwa. Sisi tuna vyetu, Kiganda kinaviita bibanda, na vijana wa Wandegeya wanavijua kuliko wanavyoijua maktaba. Mabati juu, mbao za benchi zisizopigwa randa, runinga moja iliyofungwa juu ukutani, feni inayozunguka kwa hisani. Kwa nini umiza? Kaa humo dakika 45 utapata jibu bila kamusi. Tulilipa shilingi 1,000 za Tanzania kila mmoja, tukaingia wakati wa mapumziko.

Nilipata nafasi benchi la nyuma kabisa. Mbele yangu palikuwa na kofia za viua, fulana nyekundu na mabega, na nikaweza kuiona labda robo ya skrini. Ni katika hali hiyo ndipo nilipolielewa jambo ambalo kwa miaka mingi nimeliorodhesha darasani kuwa kasoro ya watangazaji wetu wa runinga, kwamba wanatueleza kile tunachokiona kwa macho. Mtangazaji wa Kiingereza wa siku hizi hujua kunyamaza. Huiacha picha iseme, akaingia pale penye haja. Mtangazaji wa Kiswahili hanyamazi. Mpira ukirushwa, atasema umerushwa. Ukitoka, atasema umetoka, na atasema umetokea upande gani.

Kasoro hiyo ina historia yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Vizazi vya watangazaji viliifanya kazi hii redioni tu, kwa kumwonyesha mchezo mtu asiyeuona. Wakenya walikuwa na Leonard Mambo Mbotela, aliyeanza kazi Sauti ya Kenya mwaka 1964 na kufariki Februari 2025. Watanzania walikuwa na Charles Hilary, aliyefariki Mei hiyohiyo, wiki mbili tu kabla ya fainali ninayoieleza. Wanaotangaza runingani leo wamelelewa na sauti hizo. Mimi niliyekuwa benchi la nyuma, nikiwa na robo ya skrini, nilikuwa msikilizaji wa redio tena. Kile nilichokiita maneno ya ziada ndicho kilichonipa mchezo. Nakiri kwamba uhakiki wangu wa awali ulikuwa umeandikwa na mtu aliyekaa kiti cha mbele.

Sasa nije kwenye lugha yenyewe. Katika daftari langu niliandika mfululizo mmoja wa maneno kwa kadiri mkono ulivyoweza kufuata, na kwa kuwa si nukuu ya neno kwa neno nautoa hapa kama kielelezo cha aina yake tu: anauchukua, anageuka, anaambaa nao kulia, anautia ndani, unapaa, unapaa, unatoka. Vitenzi saba. Jina la mtu hakuna, na neno mpira halikutajwa hata mara moja. Hata hivyo hakuna mtu kibandani aliyepotea. Kiambishi a- kimembeba mchezaji, kiambishi u- kimeubeba mpira, na pale a- ilipotoweka ikabaki u- peke yake, sote tulijua kwamba mchezaji amekwisha kuachana nao na sasa uko hewani. Mtangazaji wa Kiingereza asiyelitambua jina la mchezaji amekwama, kwani lugha yake inamtaka mtenda aje kwanza. Kiswahili kinampa mtangazaji wake kiambishi cha kuvutia pumzi. Anaanza kusimulia, anamtazama mchezaji vizuri, kisha jina analiweka mwishoni: anakwenda kuupiga beki wa kushoto.

Walimu wenzangu, hebu tuangalie tunavyofundisha upatanisho wa kisarufi. Tunaandika ubaoni mpira huu unadunda, mipira hii inadunda, tunaendelea na ngeli inayofuata. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba kiambishi ni kodi ambayo kitenzi hukilipa kiima. Sijawahi kumwonyesha mwanafunzi kwamba kiambishi kinaweza kufanya kazi peke yake, kwa kasi, chini ya mabati, huku kiima kikiwa bado hakijafika.

Kuhusu msamiati, nitasema machache, kwa kuwa hili ndilo eneo ambalo kila mtu huliandikia. Neno lililowashtua wanafunzi wangu lilikuwa kuambaa. Mmoja wao, kijana wa kutoka Mbale, alinigusa bega: "Mwalimu, si lile neno la jahazi?" Ndilo. Asubuhi fundi alikuwa ametueleza jinsi chombo kinavyoambaa na pwani, yaani kinavyokwenda sambamba nayo bila kuigusa. Winga naye huambaa na mstari wa chaki. Ngwe ya pili ni ile ngwe ya shamba, sehemu aliyopimiwa mtu ailime. Mkwaju wa penalti una fimbo ndani yake. Anayeupitisha mpira juu ya kichwa cha mwenzake amemvisha kanzu, na anayeupitisha katikati ya miguu amempiga tobo. Hakuna kamati iliyoketi kuyatafsiri maneno haya. Yalikuwapo nyumbani, shambani na chomboni, yakaitwa uwanjani.

Lakini neno lililonifundisha mimi ni kuotea.

Mwanzoni mwa kipindi cha pili Simba ilikuwa imebaki na wachezaji 10, Kagoma ametolewa kwa kadi nyekundu. Kibanda kilikuwa kimeanza kukata tamaa. Kisha Steven Mukwala, mshambuliaji wa Simba wakati huo na Mganda mwenzetu, akautia mpira wavuni. Sitaeleza wanafunzi wangu walifanya nini; nilikuwa nimewaonya waketi kwa heshima. Furaha hiyo haikudumu. VAR ikaitwa, mistari ikachorwa, bao likakataliwa. "Kaotea!" ikasikika kutoka mbele, na papo hapo mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango, ambaye mpaka wakati huo alikuwa hajasema neno, akajibu: "Hajaotea huyu. Kajikuta."

Msomaji aliyezaliwa ndani ya Kiswahili huenda asione ajabu yoyote. Mimi, niliyejifunza lugha hii nikiwa mtu mzima kidogo, niliona darasa zima la semantiki katika maneno matatu. Kuotea ni kuvizia: mwindaji humwotea mnyama, mwizi humwotea mwenye mali. Sheria ya mpira huangalia mahali alipo mchezaji, wala haimuulizi alifikaje hapo. Neno la Kiswahili limeingiza nia. Kwa hiyo mzee alikuwa na hoja ambayo haiwezekani kuitoa kwa Kiingereza: mchezaji anaweza kuwa mahali pa kosa bila kuwa amevizia, naye asiyevizia hajaotea, hata mistari ya mtambo ikisema nini. Mabenchi yakagawanyika. Kijana mmoja akamjibu: "Mzee, mtambo haujui kujikuta." Mjadala ukaendelea dakika nzima, mpira ukiwa unachezwa, na hakuna aliyetumia neno lolote la kigeni isipokuwa VAR, ambayo wao waliitamka kama neno moja, va.

Hiki ndicho ambacho baa ya ufukweni haina na haiwezi kukinunua. Kibandani utangazaji una mahakimu. Mtangazaji alipokosea jina la mchezaji, benchi la mbele lilimsahihisha kwa sauti moja. Aliporudia sifa ileile mara ya nne, mtu alimtania. Lugha inayosikilizwa na watu wa namna hiyo hainyooki kwa kuogopa mwalimu. Hunyooka kwa kuogopa kuchekwa.

Basi nami nitimize wajibu wa kuwakosoa watangazaji, wasije wakadhani nimelewa kwa joto la kibanda. Kuna mazoea yanayochosha. Kila shuti ni kombora, kila mchezo ni mtanange, kila bao zuri ni la kideo. Baada ya dakika 20 maneno haya yamekuwa kama noti kuukuu, thamani ipo lakini hakuna anayeitazama picha. Wachambuzi wanaoketi pembeni ya mtangazaji wana ugonjwa mbaya zaidi. Hawawezi kumaliza sentensi bila kimsingi, kwa maana ya kwamba, kama ambavyo, kwa namna moja ama nyingine. Mtangazaji hana nafasi ya kujaza, kwa kuwa mpira unamkimbiza. Mchambuzi ana nafasi tele, anaijaza pumba. Na matangazo ya biashara yanayoingizwa katikati ya shambulio, hayo sina lugha ya kuyaelezea katika jarida la idara.

Kuna pia suala la upatanisho ambalo wanafunzi waliliona kabla yangu. Ndani ya dakika chache utasikia Simba inashambulia, Simba wanashambulia na Simba anashambulia. Mwalimu wa sarufi atataka moja liwe sahihi na mengine makosa. Baada ya kusikiliza kwa makini naona kila kimoja kina pake. I- ni klabu, yenye ofisi na mkataba. Wa- ni wachezaji walio uwanjani. A- nimeisikia zaidi midomoni mwa mashabiki kuliko kwa mtangazaji, hasa mtani anapomsema mtani, na hapo Simba ni mtu mmoja mwenye hila na madeni, anayeweza kuchekwa kama jirani. Kama kuna mwenzangu mwenye maelezo bora zaidi, kurasa hizi ni zetu sote.

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Kibandani palikuwa na wanawake wawili tulipoingia, na mmoja wao alikuwa akiuza maji. Wanafunzi wetu wa kike walipewa nafasi. Kijana mmoja alisimama na kusema "karibu dada," kwa roho safi kabisa. Lakini nafasi iliyotolewa kwa hisani si sawa na kiti chako. Waligeukiwa kila walipocheka. Watatu kati yao walitoka kabla ya filimbi ya mwisho, na mmoja aliniambia waziwazi usiku ule: "Mwalimu, Kiswahili kilikuwa kule, lakini sisi hatukuwa kule." Sikuwa na jibu. Baa, pamoja na muziki wake na Kiitaliano chake, iliwakalisha. Uhakiki wowote unaokisifu kibanda bila kulitaja hili umeandikwa na mwanamume kwa ajili ya wanaume, na nimeusoma uhakiki wa namna hiyo mara nyingi.

Jambo la wanafunzi wa kike linanifikisha kwenye ajira, maana ndiko lilikokuwa likielekea swali lao hata kama hawakusema. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kiwe cha lazima shuleni. Agosti 2025 tulipokea CHAN pamoja na Kenya na Tanzania, na nchi hizohizo tatu ndizo zilizopewa AFCON ya 2027. Wakati wa CHAN nilizunguka baa tatu za Wandegeya nikitafuta runinga moja iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili. Sikuipata. Sina haki ya kuwalaumu wenye baa. Mwenye baa atafungulia sauti ambayo wateja wake wanaielewa, na wateja wa Wandegeya ni wanafunzi wangu. Nimewapa orodha ya msamiati wa michezo, maneno 40 kwenye karatasi moja: mlinda mlango, mshambuliaji, kiungo, mwamuzi. Wanaijua orodha. Mbele ya utangazaji wa dakika mbili wanazama.

Ushahidi ninao. Dakika za mwisho za fainali, mtangazaji aliposema tumeingia dakika za lala salama, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye alama nzuri kuliko wenzake wote, aliniuliza kwa mshangao: "Mbona anatuaga?" Nilimweleza haraka kwamba ndizo dakika za mwisho, mchezo unapokaribia kulala. Hakuwahi kuitikia. Katika muda wa nyongeza Sidibé akaisawazishia Berkane, 1–1, jumla 3–1, na kombe likaenda Moroko. Kibanda kizima kilikaa kimya. Nje adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Yule mzee wa mlangoni alivaa makubadhi yake, akasimama, akasema pasipo kumtazama mtu: "Haya. Sasa tulale salama."

Mwanafunzi wangu alicheka kabla ya watu wote. Alikuwa ameelewa.

Kwa ziara ijayo, basi, jibu langu kwa wanaouliza litakuwa hili. Mchezo mmoja tutautazamia kijijini, kibandani, na tutafika mapema ili wote tuketi pamoja benchi moja, wasichana kwa wavulana, kwa tiketi tulizolipia na si kwa hisani. Tukiwa mjini, tutakwenda pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe, kona iliyopata jina lake kutokana na filamu ya papa ya mwaka 1975, ambako wazee hunywa kahawa nje na runinga hutazamwa penye hewa. Asiyependa anaondoka bila kukanyaga magoti ya mtu. Baani tutakwenda pia, mara moja, na kila mwanafunzi ataunakili ubao wa chaki neno kwa neno. Huo nao ni matini.

Nimekwisha kuanza na zoezi. Niliwaambia waandike utangazaji wa sekunde 20 wa bao la Mukwala lililokataliwa, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe kabla ya kitenzi cha tatu. Jibu lililo bora liliandikwa na mmoja wa wale watatu waliotoka kibandani mapema: "Anaupokea, unadunda mara moja, anaugeukia, anaupiga Mukwala, umo, umo, umo! Subiri. Refa anakwenda kwenye runinga. Kaotea Mganda wetu, kaotea."

Nimempa 9 kati ya 10. Alama moja niliikata kwa ajili ya kaotea, kwa kuwa mwongozo wetu wa kusahihisha unataka ameotea. Kisha nikabaki na kalamu mkononi, maana katika jibu lote lile hilo ndilo neno pekee ambalo nina hakika alilisikia kwa masikio yake mwenyewe, tena akiwa mlangoni. Karatasi iko mezani kwangu bado, na alama zinatakiwa ofisini Ijumaa.